Ushahidi wa Babu Yake Salma

Hyattsville, Marekani, Jumanne, Machi 1986

Nimemwambia Salma, na bado roho haijatulia.

Tasnifu yangu inahusu kampuni ya biashara ya Waingereza iliyodai ardhi kwetu pwani, na jinsi serikali ya kikoloni ilivyoyamaliza madai hayo. Kampuni ilipewa mashamba, waliokuwa wakiyalima wakafukuzwa. Babu yake Salma alikuwa shahidi wa kampuni. Aliapa kwamba pale hapakuwa na watu.

Na Salma ndiye ninayeishi naye hapa, ndiye anayenipeleka chuoni kwa gari lake.

Leo asubuhi, tulipofika Bladensburg njiani kwenda chuoni, nikamweleza. Akaegesha kando, akazima redio.

"Una hakika, Zuhura?"

"Nina hakika."

"Babu ndiye aliyetulea. Jina lake utaliandika?"

Nikasema naweza kulificha.

"Usilifiche. Lakini ningoje nimpigie mama kwanza. Asije akayasikia kwa watu."

Jioni tumekula wali, kisha akaenda kukaa karibu na simu. Sijui kama kesho tutaongea, au kama...

Saa tano usiku, simu ya Mombasa imepatikana; kule kumeshakucha. Namsikia sebuleni.

"Shikamoo, mama. Keti kwanza, nina neno."