Saa Nane Usiifunike Kompyuta

Mama Watoto,

Nimeshatoka kwenda kazini. Binti yetu anakula kiapo cha uuguzi saa nane mchana, na utamwona kwenye kompyuta mwanzo hadi mwisho. Asubuhi tulipojaribu, video ilikwamakwama, ukasema, "Kompyuta yako kama wewe tu, mpaka isukumwe."

Ulipoingia kuoga nikaichunguza. Nilifunga kurasa zote zilizokuwa wazi, haikusaidia. Nikashusha ubora wa picha, ikakwama vilevile. Nikaigusa ubavuni: moto kama pasi. Kilichoziba matundu yake ya hewa ni ~~kile kitambaa ulichofuma~~ vumbi.

Sasa inacheza bila kusita. Usifungue kitu kingine pembeni. Ubora wa picha nimeuacha chini makusudi. Heri sura yenye ukungu kuliko kiapo nusu. Na mtu asiifunike, hata kwa mapenzi.

Lile vumbi nimelikunja vizuri, liko kabatini, na ua lake la katikati halijaharibika. Jioni tulitandike kwenye kiti changu. Mimi huwa sichemki.

Baba Watoto, yule wa kusukumwa