Mbwa Mwitu Aliponitolea Meno

Mjukuu wangu Atieno,

Huku Rongo sisi ni wazima. Nyanya yako goti linamsumbua, lakini bado anaenda kanisani kila Sabato kwa miguu. Mahindi yameota vizuri.

Unaniuliza kwa nini unaumia wale watoto wa mbwa mwitu unaowalea wakikukimbia, ilhali kituo chenu cha wanyamapori kinataka hivyo. Nikiwa kijana nililea watoto kama hao katika kituo kingine, mama yao alipokufa kwa ugonjwa. Mdogo kabisa nilimpa maziwa kwa chupa, akawa analala kifuani mwangu. Walipokua tukawatenga na watu, wajifunze kutuogopa, ili waweze kurudi porini.

Siku moja niliingia kwenye boma lao kuweka maji. Yule mdogo alinitazama, akanitolea meno, akakimbilia kwa wenzake. Nikabaki nimesimama na ndoo yangu.

"Umefaulu," daktari wa wanyama aliniambia kutoka langoni, akicheka. "Sasa huyo ataishi."

"Mbona basi nataka kulia?"

Akaacha kucheka. "Sijui. Hata mimi hali hiyo hunipata."

Mpaka leo sijui, Atieno. Kwa hivyo ukiumia, usidhani umekosea. Siku gari lilipokuchukua hapa nyumbani kwenda kazini, hukugeuka nyuma hata kidogo. Nyanya yako alisema, "Mtoto amekomaa," na mimi nikakubali. Nilifurahi kweli. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia.

Ni mimi babu yako. Tunakutaja kila tukikaa kula.