Maombi Yaliyobaki

Bwera, nyuma ya soko,
Wilaya ya Kasese.
14 Machi 2011

Mpendwa mdogo wangu Immy,

Bwana asifiwe. Umeamkaje huko Goma? Kidonda cha oparesheni kimefunga? Na mutoto, ananyonya vizuri? Sisi tuko wazima, Mungu hatuachi, ila nyumba imepoa tangu Mama aje kwako.

Wewe ulimpokea tu kwenye uwanja wa ndege. Hujui ya huku. Akina mama wa kanisa waliposikia Mama anakwenda Goma, Kellen, mkubwa wetu wa maombi, alipanga zamu: mchana, usiku, asubuhi, mpaka afike. Sote tulikuwa tunaikumbuka ile safari yako ya lori, siku mbili na matope. Mama mwenyewe alifunga bundu la muhogo na samaki wa chumvi, makayabu, ya kula njiani, na blanketi la kulalia.

Nasif, yule dereva wa mpakani, akampeleka uwanja wa Beni. Akanipigia simu: "Mama Bright, ndege imeruka."

Tukaanza. Kellen akaishika barabara yote kwa maombi, kijiji kwa kijiji. Akakemea matope, akakemea madaraja mabovu. Nikamnong'oneza, "Mukubwa, huko juu hakuna matope."

"Nyamaza, Feresita! Shetani anashindwa kuyapandisha?"

Hata Butembo hatujavuka, simu ikalia. Ni wewe: "Mama iko hapa, anakunywa chai." Kicheko kilichotupata, Immy! Kellen peke yake alikasirika, akasema labda umempokea mama wa mutu mwingine.

Nasif aliporudi ndipo akatueleza. Kutoka uwanja wa Beni mpaka wa Goma, kwa angani, ni kama kilomita mia mbili na arobaini. Saa moja haiishi. Barabara ndiyo inayozunguka milima, ndege haina habari nayo. Na sisi miaka yote tunasema Immy yuko mbali!

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Miaka tisa hujakanyaga hapa, na sikulaumu. Nani angeirudia barabara ile? Lakini Mama ameniambia hapandi ndege tena bila mutoto mapajani mwake. Nami namtaka nyumbani kabla ya Pasaka. Nataka pia mutoto abatizwe katika kanisa ambalo Baba alilibebea matofali. Woga wako naujua, lakini Mama na uzee wake ameweza. Nasif amekubali kuwangoja Beni.

Msalimie shemeji, umwambie asikuzuie. Mwanangu Bright anakusalimu sana, anauliza mutoto amefanana na nani.

Nisisahau: zamu ya usiku na ya asubuhi hazikuombwa. Kellen amekataa kuzifuta. Anasema maombi yaliyoahidiwa hayarudishwi. Basi tumewawekea ninyi. Sema tu siku, tutapiga magoti.

Mungu awafunike kwa mbawa zake mpaka mlangoni petu.

Mimi dada yako nikupendaye,
Feresita