Mshale wa Bomba la Tatu

Mpendwa mtani wangu Selemani,

Sikuulizi hali. Mtu aliyelala Nambilanje miaka yote hii bila kugeuka ubavu, hali yake inajulikana. Mimi bado niko Nandagala, meno yamebaki saba, na hayo saba hayapatani. Ningekuja kukusomea barua hii kaburini, lakini goti limekataa, na wewe hukuwahi kunisikiliza hata ulipokuwa na masikio.

Nakuandikia kwa sababu ya ile geji. Imeanza tena.

Ngoja kwanza tukumbuke, maana wajukuu wakinisikia wanadhani natunga. Mwaka ule wa hamsini na kitu, mashamba ya karanga ya Nachingwea yalikuwa yameshakufa. Matinga yamelala majanini, mengine mchicha umeota kwenye kiti cha dereva. Wazungu wengi walikuwa wamefungasha. Akabaki fundi mmoja, yule tuliyempa jina la Bwana Mluzi kwa kuwa alipiga mluzi kutwa nzima, hata akitafuna. Akatuambia anaunda ndege yake mwenyewe, ya mbao na kitambaa, ya watu wawili, na sisi ndio wasaidizi wake.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mtani, huyu karanga zimemshinda ardhini, sasa anakwenda kuzilima angani."

Lakini aliiunda. Injini ilikuwa na pistoni nne na mabomba manne ya moshi. Siku moja akaleta sindano nne za chuma, kila moja na waya wake, na geji moja yenye swichi ya namba moja mpaka nne. Sindano inaingia kwenye tundu la bomba, inaonja moto wa moshi, geji inasema. Ukigeuza swichi, unasikia habari za bomba moja moja. Akatukatia kijiti cha kupimia, upana wake vidole vinne. "Kila tundu litoboeni umbali wa kijiti hiki kutoka kwenye injini," akasema. "Likisogea karibu, geji itasema moto mkali. Likienda mbali, itasema baridi. Nikiwa juu sitajua nimwamini nani." Akaenda zake kula, mluzi nyuma yake.

Kile kijiti nilikitia motoni mimi. Nilikuwa nawasha kiko. Wewe uliniangalia kikiungua ukasema, "Mmwera bwana, hata akipewa Kurani atafungia ugoro."

"Vidole vinne si ninavyo?" nikakujibu. "Na wewe unavyo, ingawa vyako ni mihogo."

Tukapima kwa mikono. Mimi bomba la kwanza na la pili, wewe la tatu na la nne. Nilikucheka kazi yote ile, maana vidole vyako vilikuwa vinene mpaka nyundo ilionekana kijiko. Injini ilipowashwa, geji ikasema mabomba yangu yana moto kuliko yako. Bwana Mluzi akafungua kabureta, akaifunga, akaifungua tena. Wiki tatu anatafuta ugonjwa ambao sisi tunaujua.

Ukaniambia, "Mtani, tumwambie. Atapanda na hii kitu."

"Tukimwambia, kesho tunarudi kupalilia ufuta. Na wewe ndiye umeharibu, na mihogo yako."

"Basi usiposema wewe, nitasema mimi."

"Utasema ukifa," nikakwambia.

Nilikuwa natania, Selemani. Wewe unajua kwamba nilikuwa natania.

Homa ikakuchukua siku ya tatu baada ya maneno hayo, ukiwa nyumbani. Nilikuja Nambilanje na lori la mihogo mpaka Ruangwa, kisha miguu. Ukoo wako na wangu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kumcheka maiti, kwa hiyo nilifanya kazi yangu. Kabla hujashushwa niliruka kaburini, nikalala chali, nikapima ukuta kwa kiganja. Nikawaambia wachimbaji, "Mmemchimbia refu mno mfupi huyu. Punguzeni vidole vinne." Watu wakacheka. Mama yako akacheka huku anafuta machozi. Na mimi nilicheka, mpaka udongo wa ubavuni ulipomeguka ukaniangukia kifuani, fungu moja tu, kiasi cha kiganja kinene.

Nilitoka mle haraka kuliko nilivyoingia. Wakadhani ni sehemu ya mzaha.

Nilirudi Nachingwea. Injini haikuwa imewashwa tangu ulipoondoka. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, karakana kimya, hata njiwa wa kwenye bati walikuwa wamehama. Nikafuta vumbi kwenye geji, nikageuza swichi kwa kucheza. Moja, mshale umelala. Mbili, umelala. Tatu, ukanyanyuka. Ulipanda polepole, kama mtu anayeamka na mgongo unamuuma, ukasimama penye alama nyekundu. Nikashika bomba la tatu. Lilikuwa baridi kama mtungi. Nikamwita Bwana Mluzi. Alipofika mshale ulikuwa umelala, akaninusa mdomo kama nimekunywa.

Ikawa hivyo kila nikiwa peke yangu. Nikiwa na mtu, hamna kitu.

Kisha Bwana akasema Jumamosi tunaruka, na kiti cha nyuma, alichokuwa amekuahidi wewe, nitakaa mimi. Ijumaa akaniweka ndani nijizoeze mkanda, akaenda kuchota petroli. Nilipokaa tu, mshale ukanyanyuka, na sikuwa nimegusa swichi. Nikachungulia. Swichi ilikuwa kwenye tatu. Nikanyoosha mkono nyuma ya geji, nikachomoa waya wa namba tatu kabisa, nikaushika mkononi mwangu. Mshale haukushuka. Nikiwa nimeushika waya hivyo nikasikia harufu ya tumbaku yako, ile ya kijiji cha Chunyu, mbaya kuliko zote.

Nikasema kwa sauti, "Haya, mtani. Nitasema."

Mshale ukalala.

Nikamwambia Bwana Mluzi yote, kijiti, kiko, vidole. Hakunipiga. Alikata kijiti kipya akapima. Bomba lako la tatu, sawasawa. La nne, sawasawa, hata unywele usingepita. Matundu yangu yote mawili yalikuwa yamesogelea injini. Siku zile zote nilikuwa naicheka mihogo yako, kumbe vidole vilivyopungua ni vyangu. Na alipong'oa sindano yangu ya kwanza, tukaona ufa umeanzia kwenye tundu nililotoboa karibu na weldingi, umezunguka nusu ya bomba. Pembeni yake unapita mpira wa petroli, na juu ya mpira ni kitambaa. Aliingiza ukucha kwenye ule ufa, akautoa, akaniangalia. Siku ile mluzi haukusikika tena.

Tuliruka mwezi uliofuata, na mabomba mapya. Niliyaona mapaa ya Nachingwea kutoka juu, nikatapika juu ya yote. Kiti kile kilikuwa chako, na sikuwahi kukushukuru. Mtu hamshukuru mtani wake, atamtania nini siku inayofuata?

Bwana alipoondoka aliniachia ile geji. Ipo ukutani kwangu, nyaya zimekatwa, nyuma yake hakuna bomba wala injini, ni udongo mtupu. Imelala tangu siku ile. Lakini tangu juzi, nikiwa peke yangu mchana, mshale unanyanyuka. Swichi nimeiweka moja, nikirudi naikuta kwenye tatu.

Nimejaribu kukiri kila kitu. Nimekiri mbuzi wa jirani. Nimekiri yule binti wa Chunyu uliyemtaka wewe. Mshale haushuki, kwa hiyo nadhani safari hii hunidai maneno.

Nina neno moja tu. Watani wangu wote wamekwisha. Siku yangu ikifika watanizika kwa adabu, watu wameinamisha vichwa, hakuna hata mmoja wa kusema kaburi ni refu. Hilo ndilo linaloniogopesha, si wewe. Basi kama unakuja, njoo kazini. Tangulia ulale mle ndani, pima kwa mkono wako, maana wangu tumeshaona. Udongo ukimeguka ubavuni nitajua umefika, nitacheka humohumo sandani nilimofungwa.

Geji sitaigeuza tena. Nimeiacha kwenye tatu.

Ni mimi, mtani wako wa vidole vyembamba,
Nandagala.