Vidonge vya Mwalimu

Wodini, Dodoma
Jumanne asubuhi

Shemeji yangu mpendwa Sostenes,

Naomba radhi kwa kunyamaza tangu mavuno ya zabibu. Natumaini wewe, Anjelina na watoto mu wazima huko Mpwapwa, na kwamba kikohozi chako kimepoa. Mimi nina afya ya mwili tu.

Dada yako Devota amelazwa. Jumamosi, nyumbani Hombolo, aligeuka kuwafukuza kuku waliokuwa wakidonoa karanga mkekani, akaanguka pale pale aliposimama. Nilimwamuru ainuke. Alinijibu kwamba mguu si wake. Nilipoutazama, ulikuwa umepinda nje na kuwa mfupi kuliko mwenzake.

Picha zimeonyesha kuwa mfupa wa nyonga umevunjika. Daktari Munira alinieleza kwamba mifupa ya Devota imedhoofika kwa ndani, ndiyo maana anguko dogo limetosha. Anataka kesho akiondoe kichwa cha mfupa na kuweka cha chuma, ili asimame mapema. Akilala muda mrefu, atapata vidonda na mapafu yatajaa. Nilimuuliza kama watu wa miaka sabini na minne huamka baada ya dawa ya usingizi. Alisema wengi huamka. Hakusema wote.

Nilimwambia yeye na muuguzi kwamba kwa desturi yetu siwezi kutia sahihi ya kukubali upasuaji kabla kaka yake hajaridhia. Devota alicheka katikati ya maumivu, akamwambia muuguzi kwamba mwalimu aliyewachapa watoto wa Hombolo nzima kwa miandiko mibaya leo anaogopa kalamu.

Sostenes, desturi ilikuwa kisingizio. Daktari aliniuliza dawa anazotumia dada yako, nikajibu hatumii yoyote. Kwa miaka sita nimemnunulia vidonge vidogo vyeupe katika duka la dawa, bila cheti, kwa sababu magoti yalimzuia kupalilia. Vilimwinua siku ile ile; uso ukajaa, majirani wakamsifu. Mwaka wa pili nilisoma karatasi ya ndani ya boksi. Ilieleza kwamba hudhoofisha mifupa, kwamba visikatishwe ghafla, na kwamba daktari ajulishwe kabla ya upasuaji. Niliikunja, nikaificha ndani ya Biblia, nikaendelea kununua, kwa kuwa shamba lilihitaji mikono yake. Yeye hajui. Huviita vidonge vya Mwalimu.

Tangu Jumamosi hajavimeza. Usiku wa kuamkia leo ametapika, mwili umekuwa baridi, na daktari anatafuta sababu. Sababu ninayo mimi, mfukoni: karatasi ile ya boksi, niliyoitoa kwenye Biblia.

Ningekupigia simu, lakini mdomo umekataa. Barua hii anakuletea mwanangu Joel. Daktari Munira ameingia wodini sasa. Yuko kitanda cha tatu, nasi tuko cha saba. Akifika kwetu, kabla hajauliza lolote, nitampa karatasi hiyo ya vidonge, mbele ya Devota.

Msalimie Anjelina, na mtuombee. Uamuzi ukipatikana nitakuandikia, wa daktari kuhusu upasuaji, na wa dada yako kuhusu mimi.

Shemeji yako,
Mwl. Bartolomayo