Kikao cha Dharura cha Familia Kuhusu Mbwa Aitwaye Meneja

TAREHE: Jumamosi, tarehe 14
MAHALI: Sebuleni kwa Baba
MUDA: Saa 8:10 mchana

WALIOHUDHURIA
Baba, kiongozi mstaafu wa chama cha wafanyakazi wa karakana – Mwenyekiti
Shangazi, dada yake Baba, mshonaji
Kaka Mkubwa, mkaguzi wa majengo
Kitindamimba, muuguzi
Dada wa Kati, karani wa mahakama – Katibu
Meneja, mbwa – Mwalikwa

HAKUWEPO
Mama (alifariki miezi saba iliyopita, Mwenyekiti amekataa jina lake lifutwe)

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kugonga meza kwa kijiko. Kaka Mkubwa aliomba iongezwe ajenda ya Baba kuhamia kwake, ghorofa ya nne, ambako mbwa hawaruhusiwi. Mwenyekiti alieleza kwamba ajenda huletwa siku saba kabla. Kaka Mkubwa alisema kikao chenyewe kimeitwa asubuhi hii. Mwenyekiti alikubali, akafafanua kuwa dharura iliyokiitisha ni ya mbwa.

KUMB. NA. 2/3: KUMPOKEA MENEJA
Kitindamimba alieleza kwamba amemtoa Meneja kituo cha kuokoa mbwa ili akae na Baba. Ni chotara wa miaka saba hivi, sikio moja limesimama na jingine limelala, na familia mbili zimeshamrudisha. Safari hii kituo kinataka maandishi kwamba familia nzima imeridhia. Yasipofika, mbwa arudi leo kabla ya saa kumi.

Shangazi alihoji kwa nini asichukuliwe mtoto wa mbwa anayefundishika. "Hili zee limeshakuja na tabia zake." Mwenyekiti aliagiza kauli hiyo iandikwe kama ilivyo.

Mwenyekiti alisema amegombana na mameneja miaka thelathini, na huyu ndiye wa kwanza kumsikiliza hadi mwisho.

Kaka Mkubwa alisema tatizo si mbwa. "Baba, tukipiga simu unasema 'nipo', unakata. Ukianguka humu ndani, huyu atampigia nani?" Kitindamimba alimtaka asimfokee Baba. Kaka Mkubwa alijibu kwamba hafoki, ndivyo sauti yake ilivyo. Katibu alimuunga mkono Kaka Mkubwa, na anaandika wazi kwamba naye anaogopa.

Mwenyekiti alisema kwa kuwa ana maslahi katika jambo hili, kanuni zinamtaka apishe. Alitoka uani pamoja na Mwalikwa.

Kura: waliokubali mmoja, waliokataa watatu.

KUMB. NA. 3/3: KURUDIWA KWA KURA
Katibu alikwenda dirishani kumwita Mwenyekiti apokee matokeo, lakini hakumwita. Wajumbe wengine walimfuata mmoja mmoja. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi, akimsimulia Meneja habari za Mama: alivyokuwa akimfungia Baba mlango akirudi kazini na viatu vyenye grisi, na alichomwambia hospitalini siku ya mwisho. Hayo ya hospitalini wajumbe hawakuwahi kuyasikia. Tangu msiba, kila walipomuuliza alisema amechoka.

Shangazi alilia. Kaka Mkubwa, kwa sauti ya chini sana, aliomba kura irudiwe.

Waliokubali: wote wanne. Kaka Mkubwa alijitolea kupeleka maandishi kituoni mwenyewe, sasa hivi.

KUFUNGA
Wajumbe walikubaliana kuishia hapo saa 9:05 alasiri.

Katibu: (saini)

Mwenyekiti: Saini yake itasubiri. Bado anaongea.