Theluji ya Shangazi na Chumba cha Bibi

Nyumbani, juu ya karakana
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla hata sijakuuliza hali, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu: kila nikirudi kutoka shule hupita karakanani kwa Baba, nikagusa sakafu kwa kiganja kuona kama imelowa. Nikiulizwa, nasema natafuta penseli.

U mzima? Baridi ya huko kwenye barafu ya ncha ya kusini inakuachia hata pumzi? Sisi hatujambo. Bibi naye ni mzima, isipokuwa magoti. Ngazi zinamtesa.

Ndiyo maana Baba anamwandalia chumba cha chini, kile kinachotazama bahari, ambamo maji ya bahari yaliingia mwaka jana. Na ujasiri ameupata kwako. Ulipoandika kwamba theluji imefukia miti yenu ya kupimia kina chake, na kwamba imekuwa ikiongezeka kwa miaka mingi, aliwasomea wateja wote. "Dada yangu yuko hukohuko, hasimuliwi! Maji yanageuka theluji, yanabaki kule. Bahari imepatikana, haipandi tena!" Fundi rangi akamjibu, "Basi mwambie dada'ko aikaze kamba." Wakacheka. Mimi nikainamia kitabu.

Shangazi, nimesoma mpaka macho yakauma. Ni kweli hewa ikipata joto hubeba mvuke zaidi, na theluji huongezeka huko ndani. Hiyo huzuia maji kiasi yasifike baharini. Lakini pembeni barafu inameguka na kuyeyuka zaidi kuliko ile inayoongezeka, na bahari yenyewe inatanuka kwa joto. Kwa hiyo inapanda tu. Theluji inaipunguzia mwendo. Nimeelewa sawasawa? Naogopa kukosea, na naogopa zaidi kwamba nimepatia.

Nilitaka nisubiri jibu lako ndipo nimwambie Baba. Ila nilipofika hapa nikamsikia anaita watu wa kushusha kitanda cha Bibi. Nikaacha kalamu, nikashuka.

 Nikasema, "Baba, mbao zikiongezeka mlango wa nyuma, lakini vitanda vinavyotoka mbele vikazidi mbao zinazoingia, stoo inajaa?"

"Inaisha. Leo Profesa amekuja kunifundisha useremala?"

"Ndivyo ilivyo barafu ya Shangazi. Na inayotoka inaishia baharini."

Hakucheka. "Na magoti ya mama yangu niyaweke wapi?"

Hilo halikuwamo kitabuni. Nikamwambia, "Chumba changu cha uani. Kimeinuka, na ngazi zake ni mbili tu."

Bibi akapaza sauti kutoka juu, "Amueni basi, mimi si kabati!"

Wote wanakusalimu, hata fundi rangi. Wasalimie wenzako wa kituoni. Mungu akufunike kwa blanketi lisilopenywa na upepo. Na kama nimekosea hesabu ya barafu, niambie bila kunionea huruma.

Nilitoa vitabu vyangu vyote, nikafagia, nikashika mguu mmoja wa kitanda, Baba akashika upande wa kichwani, tukakiingiza chumbani kwangu. Sasa naandika kwenye meza ya kulia chakula, na Bibi ameshalala.

Mwanao anayekuwaza kila siku,
Profesa